Mkataba wa matengenezo ya kiyoyozi: unalipia kazi gani hasa?

Muuzaji wa mkataba wa matengenezo huanza na hoja ambayo haina ubishi: kiyoyozi kisichotunzwa hula umeme mwingi, hupoza kidogo na hufa mapema. Hoja hiyo ni ya kweli. Shida ni kwamba kati ya "kiyoyozi kinahitaji matunzo" na "kwa hiyo tia sahihi hapa" yapo maswali ambayo huwa yamerukwa. Matunzo yepi? Ya mara ngapi? Nani ayafanye, na yanazuia ubovu gani? Ukiyajibu hayo kwa kuangalia kinachoharibika ndani ya mashine, utaona kwamba sehemu kubwa ya mkataba wa kawaida ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe, sehemu nyingine haizuii lolote, na kazi inayostahili kweli kulipiwa ni nyembamba kuliko karatasi inavyoonyesha.

Chukua machujio, ambayo hutajwa katika mstari wa kwanza wa kila mkataba. Kiyoyozi kinachofanya kazi kila siku kinahitaji machujio yake yasafishwe kila wiki 2 hadi 4, na mapema zaidi kama kuna vumbi, wanyama wa nyumbani au moshi wa jikoni. Mkataba mwingi ni wa ziara 2 kwa mwaka. Maana yake, ukimwachia fundi kazi hiyo, machujio yatakaa miezi 6 bila kuguswa. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kuondoa chujio lililoziba na kuweka safi kunaweza kupunguza umeme unaotumiwa na kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Faida hiyo haipatikani kwa ziara ya kila nusu mwaka. Anayeipata ni yule anayefungua kifuniko mwenyewe, akatoa machujio, akayaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akayakausha kivulini (jua kali hupinda fremu ya plastiki) na kuyarudisha yakiwa makavu kabisa.

Chujio lililoziba halileti gharama ya umeme tu. Hewa ikipita kidogo juu ya koili ya ndani (mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi ya kupozea hupita), koili hupoa hadi chini ya nyuzi 0, unyevu unaganda juu yake, na barafu hiyo inaziba njia ya hewa zaidi. Ikiyeyuka, maji huwa mengi kuliko sinia la chini ya koili linavyoweza kuyapokea, nayo humwagika ukutani. Baya zaidi, gesi ambayo ilipaswa kugeuka mvuke ndani ya koili inaweza kurudi kwenye kompresa (pampu inayobana gesi) ikiwa bado kimiminika, na kompresa haikutengenezwa kubana kimiminika. Kwa hiyo uzembe mdogo kwenye chujio unaweza kuishia kwenye kipuri cha bei kubwa kuliko vyote.

Bomba la kutolea maji nalo haliko mbali na uwezo wa mwenye nyumba. Ndani yake hujengeka utelezi wa bakteria na ukungu, ukichanganyika na vumbi lililooshwa kutoka kwenye koili. Kumimina kikombe cha siki kwenye sinia, kusubiri nusu saa na kufuatisha maji safi kila baada ya miezi michache huondoa utelezi huo kabla haujawa kizibo. Usichanganye siki na dawa ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Bomba likiziba kila mara licha ya kusafishwa, tatizo huwa ni mteremko, ambao unapaswa kuwa angalau sentimita 1 kwa kila mita. Mteremko ulikosewa siku ya ufungaji, na hakuna idadi ya ziara itakayoubadilisha hadi mtu apange bomba upya.

Mashine ya nje inataka nafasi ya kupumua na kuoshwa. Acha wazi takriban sentimita 30 nyuma yake na 60 au zaidi mbele, ila kitabu cha mtengenezaji kikisema zaidi, kifuate hicho. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha osha koili kwa maji ya bomba la kawaida yasiyo na nguvu, ukiyaelekeza kwenye koili na si kwenye kisanduku cha nyaya. Pampu ya kuoshea magari hulaza mapezi ya alumini (vibati vyembamba vya koili), na mapezi yaliyolala huzuia hewa kuliko vumbi lilivyokuwa likizuia.

Mpaka hapo hujamhitaji fundi. Unamhitaji kwa kitu ambacho wengi hawakioni: feni ya ndani iliyo kama silinda ndefu yenye mapanga mengi madogo, na koili iliyo nyuma ya machujio. Vumbi laini hupenya hata chujio safi, hushika kwenye mapanga yenye unyevu na kujenga tabaka. Panga lililojaa uchafu halichoti hewa vizuri, na ukungu unaoota hapo ndio unaotoa harufu ya uchachu unapowasha mashine. Kuosha sehemu hizi kunahitaji kufungua ganda lote, kufunika bodi ya umeme kwa plastiki, kufunga mfuko wa kukinga maji chini ya mashine, kupuliza dawa isiyo ya tindikali, kuiacha ifanye kazi, kisha kusuuza hadi maji yatoke meupe. Kwa mashine moja ya ukutani ni kazi ya saa nzima au zaidi. Kwa nyumba nyingi inatosha mara 1 kwa mwaka. Mashine inayolala na kuamka imewashwa inaweza kuhitaji 2.

Pamoja na kuosha, fundi anapaswa kukaza viungo vya nyaya na kupima kapasita (kipuri kinachoisaidia kompresa kuanza) kwenye mashine zenye kapasita ya kompresa. Nyaya hulegea kwa mtetemo na kwa kupata joto na kupoa. Kiungo kilicholegea huchemka, huungua na mwisho huondoka na kompresa. Kapasita huchoka kwa joto. Yenye alama ya 35 µF (mikrofaradi, kipimo cha uwezo wake) na ±5% haipaswi kusoma chini ya 33.25, na ikiwa chini sana kompresa huunguruma bila kuanza, ikivuta ampea nyingi hadi kinga yake ikate. Usiifungue mwenyewe. Hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa.

Lipo pia kundi la ubovu ambao matengenezo hayazuii. Bodi ya umeme huungua kwa sababu ya umeme kupanda, kushuka au kukatika na kurudi ghafla, na mashine za inveta, yaani zile ambazo kompresa hubadilisha mwendo na ambazo bodi zake ni ghali, ndizo zinazoumia zaidi. Hapa kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme mbaya, chenye kuchelewesha kuwasha kwa dakika 3 au zaidi, kinafanya kazi ambayo ziara 10 za fundi hazitafanya. Mvujo wa gesi kwenye viungo vya shaba nao mara nyingi ni wa tangu siku ya kwanza: mdomo wa bomba ulipanuliwa vibaya, au nati ilikazwa kwa kukisia wakati ile ya bomba la robo inchi inahitaji nguvu ya kukaza ya takriban Nm 14 hadi 18 tu. Mkataba unaweza kugundua mvujo. Hauwezi kuuzuia.

Gesi ndiyo mahali ambapo mwenye nyumba hudanganywa zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Kiyoyozi hakili gesi kama gari linavyokula petroli. Gesi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na kama ufungaji ni mzuri, ile iliyowekwa mwanzo inatosha maisha yote ya mashine. Ikipungua, inavuja. Mkataba unaojisifu kwa "kuongeza gesi bure kila ziara" unakuahidi kutoziba mvujo. Kazi sahihi ni kutafuta mvujo kwa nitrojeni na maji ya sabuni, kuuziba, kuvuta hewa na unyevu kwa pampu hadi mikroni 500 (kipimo cha utupu) au chini, kuhakikisha kipimo hakipandi pampu ikizimwa, kisha kujaza kwa mizani uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. R-410A, aina mojawapo ya gesi ya kupozea, ni mchanganyiko wa gesi mbili, R-32 na R-125, na huingizwa ikiwa kimiminika ili uwiano usiharibike. R-32 peke yake inaweza kushika moto, hivyo moto wa kuchomelea haukaribishwi karibu na bomba lenye gesi ndani.

Hata kuunganisha geji kila ziara "ili kuangalia presha" kuna hasara. Kiyoyozi kidogo cha ukutani kwa kawaida kina gesi isiyofika au inayozidi kidogo kilo 1. Kila unapounganisha na kuchomoa mipira ya geji, kiasi kidogo hutoka na hewa inaweza kuingia. Kwenye inveta, presha hupanda na kushuka kulingana na mwendo wa kompresa, hivyo kusoma geji bila kuiweka mashine kwenye hali ya majaribio hakumwambii fundi mengi. Kipimo cha kwanza kiwe joto. Weka rimoti nyuzi 16 na feni ya juu, subiri dakika 15, pima hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya kawaida, ingawa chumba chenye unyevu mwingi hushusha namba hiyo. Kama tofauti ni nzuri na hakuna barafu, hakuna sababu ya kugusa gesi.

Sasa hesabu. Sevisi moja ya kulipia papo hapo ichukulie kuwa 1. Mkataba wa ziara 2 ukiuzwa kwa 1.8 unaonekana kuokoa 0.2. Lakini kama mashine yako inahitaji kuoshwa kwa kina mara 1 tu, na machujio unasafisha mwenyewe, umepoteza 0.8. Punguzo la vipuri linaloambatana na mkataba halibadilishi hesabu hiyo mpaka uone bei yenyewe ya vipuri. Asilimia 10 ya bei iliyopandishwa si kitu. Kwa mtu mwenye kiyoyozi 1 au 2 vipya, vilivyo ndani ya dhamana ya mtengenezaji, mkataba mara nyingi haulipi. Kwanza asome dhamana: baadhi hudai ushahidi wa sevisi ya kila mwaka, lakini ushahidi huo unaweza kuwa risiti na ripoti ya fundi anayestahili. Si lazima uwe mkataba, isipokuwa masharti yaseme hivyo.

Upande wa pili una uzito wake, na hatusemi hivyo kwa adabu tu. Nyumba yenye mashine 4 au 5 hubadilisha hesabu, kwa sababu gharama ya fundi kufika inagawanywa. Mwenye nyumba ya kupangisha anayeishi mbali hawezi kutegemea mpangaji kuosha machujio, na rekodi iliyoandikwa humsaidia ugomvi ukitokea. Karibu na bahari chumvi hula mapezi na kibati cha nje, na kuosha mara kwa mara kuna faida halisi. Nyumba yenye mgonjwa au mtoto mchanga haiwezi kusubiri siku 5 wakati wa joto kali, ila "kipaumbele kwa wateja wa mkataba" hakina maana bila saa zilizoandikwa. Halafu kuna ukweli wa kawaida kabisa: watu husahau. Kama unajijua kuwa hutaita fundi hadi maji yadondoke kitandani, tarehe iliyopangwa na mtu mwingine ina thamani hata kama hesabu kavu haiipendi.

Mkataba unaobeba na vipuri ni jambo jingine. Huo ni bima. Huwa na maana zaidi dhamana inapokwisha na mashine ikiwa bado haijachoka, tuseme kati ya mwaka wa 5 na wa 10. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya visivyohusika. Ukikuta kompresa, bodi, gesi na "uchakavu wa kawaida", kilichobaki ni kapasita na rimoti. Mashine iliyopita miaka 10 hadi 12, hasa ya gesi ya zamani ya R-22, ambayo uzalishaji wake unapunguzwa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ni afadhali fedha ya mkataba iwekwe kwa ajili ya mashine mpya.

Ziara za bei ya kutupa zina kasoro yake. Kampuni inayomtuma fundi kwa bei isiyolipa hata nauli na dawa itafidia kwa kuuza vipuri, na hata kapasita isiyo na ubovu itakuwa "inakaribia kufa". Ndiyo maana vipimo viandikwe kila ziara: joto la kuingia na kutoka, ampea zikilinganishwa na kibandiko, usomaji wa kapasita. Kipuri kilichotolewa ukabidhiwe. Mkataba useme nani atalipa maji yakiingia kwenye bodi wakati wa kuosha, na usijihuishe wenyewe mwaka ukiisha bila kukuuliza.

Kabla ya kutia sahihi, ilipie kampuni hiyo hiyo sevisi moja ya kawaida na usimame karibu. Fundi akija bila mfuko wa kukinga maji, bila kipimajoto wala mita ya ampea, akapuliza vumbi la machujio barazani na kuunganisha geji ndani ya dakika 15, umeshaona kitakachofanyika katika ziara zote zilizobaki.