Fizikia isiyo na hesabu si fizikia ya wanyonge

Semista iliyopita nilichukua yuniti ya fizikia ya dhana, ile ya utangulizi inayoeleza maana bila fomula, hapa Kisumu. Mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili, fizikia niliiacha nikiingia fom thrii na nikajua tumeachana. Watu wa injinia kwa hosteli wanaiita fizikia ya arts, ati haina hesabu kwa hivyo haina kitu. Mimi nasema hiyo ndiyo yuniti iliyonifikirisha zaidi tangu nifike chuo, na hata wao wangeanza nayo kabla hawajapewa fomula yoyote.

Wiki ya pili lekchara alikuja na mpira wa tenisi, akaurusha juu, akaudaka, akauliza: ukishatoka mkononi na bado unapanda, ni nguvu gani inaufanyia kazi? Hewa tuiache kando. Karibu darasa lote tukasema ni nguvu ya mkono, halafu mvutano wa dunia unaimaliza pole pole mpaka mpira unageuka. Akasema hapana, mkono ulimaliza kazi yake pale ulipouachilia, kuanzia hapo ni mvutano wa dunia peke yake, ukipanda, ukiwa juu kabisa, ukishuka, na hata ile nukta mpira umesimama kule juu mwendo wake bado unabadilika kwa kiwango kile kile, mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Usiku huo niliuwaza huo mpira tu. Kesho yake nikamuuliza rafiki yangu wa injinia, mtu wa A ya fizikia kwa KCSE, akanijibu vile vile, nguvu ya mkono. Halafu akachukua kalamu akapiga hesabu ya mpira huo huo, utafika mita ngapi, utachukua sekunde ngapi, na jibu likatoka sawa kabisa! Alikuwa anajua kila kitu kuhusu huo mpira isipokuwa ni nini kinaufanyia kazi.

Sehemu ya shida ni lugha, na hii inaniuma kama mtu wa Kiswahili. Neno nguvu tunalibebesha mengi, nguvu ya kusukuma mkokoteni, nguvu ya stima, nguvu unayopata ukishakula ugali. Kwa fizikia hivyo ni vitu tofauti, kuna kani, yaani kusukuma au kuvuta, kuna nishati, na kuna ile kasi ya kuitumia hiyo nishati. Uzito nao ni vivyo hivyo, kilo moja ya omena uliyopimiwa soko la Jubilee ukienda nayo mwezini bado ni kilo moja, omena haijapungua hata mmoja, lakini mkononi itakuwa nyepesi karibu mara 6. Shule tulisoma haya yote kwa Kiingereza, tukakariri, tukapita, na vichwani maneno yetu yakabaki yamechanganyika vile yalivyokuwa.

Lakini kilichonigusa kabisa ni upepo wa ziwa. Mjomba wangu ni mvuvi pale Dunga, na tangu utotoni namsikia akisema upepo wa alfajiri unatoka nchi kavu unasukuma tanga kuingia ndani, na wa mchana unatoka ziwani unakurudisha nyumbani. Darasani tukafundishwa kwamba kupasha kilo moja ya maji digrii moja inataka kama jouli 4,200 (jouli ni kipimo cha nishati), mchanga mkavu unataka kama 800 tu, kwa hivyo jua likiwaka nchi kavu inapata moto haraka, hewa yake inapanda, na ile ya baridi ya ziwani inakuja kushika nafasi. Usiku nchi kavu inapoa kwanza na mambo yanageuka. Wikendi nikamweleza mjomba tukiwa tumekaa kando ya boti, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Okewa (mpwa wangu), ndio maana siku ya mawingu upepo wa mchana unakuwa mvivu." Hilo mimi sikuwa nimemwambia. Alilitoa mwenyewe, bila fomula, bila kalamu.

Nikipita Maseno pale kwa alama ya ikweta nakumbuka pia ule mchezo wa beseni lenye tundu ambao watalii huonyeshwa, sana sana kule Nanyuki, ati kaskazini mwa ikweta maji yanazunguka upande mmoja na kusini upande mwingine. Mzunguko wa dunia hauna ubavu wa kugeuza maji ya beseni, ni vile umeyamwaga tu. Nilijaribu nyumbani, yanazunguka popote utakapoyaanzishia.

Na boda. Hii natamani kila mtu wa boda Kondele aisikie, kwamba ukitoka kilomita 30 kwa saa ukaenda 60 hujaongeza hatari mara mbili, nishati ya mwendo imekuwa mara nne, kwa hivyo kama breki zingekusimamisha kwa mita 5 sasa zinataka mita 20, na hapo hatujahesabu mita zinazopita kabla mkono haujagusa breki, na ukiwa umebeba abiria wawili na mtoto katikati hizo mita 20 ndizo huwa hazipo. Hiyo si elimu ya kungoja mtu afike chuo.

Si kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Stima, sumaku na mwanga vilibanwa kwa wiki mbili za mwisho na nilitoka bado nababaika. Na hesabu ina kazi yake, daraja halijengwi kwa maelezo. Ninachokataa ni kuanza na hesabu halafu maana isifike kamwe.

Sasa watoto wanaoingia greidi 10 wanachagua njia ya masomo wakiwa bado wadogo, na anayeenda upande wa sayansi ya jamii au wa sanaa na michezo anaweza kuaga fizikia hapo hapo, kama mimi fom thrii. Naomba wapewe hii ya dhana, hata somo moja kwa wiki. Binti ya kaka yangu amechagua sayansi ya jamii kwa sababu anapenda historia, na simlaumu. Jumamosi tulienda nyuma ya nyumba na mpira. Amesema ni nguvu ya mkono. Nimemwambia aufikirie mpaka Jumamosi ijayo.