Hela ya utafiti wakati wa mlipuko: siku 79, halafu siku nne

Kila virusi vikizuka mjadala vyuoni unakuwa ule ule, je tutoe hela ya utafiti chapchap hata kama andiko halijapita kwa wakaguzi wote, au tufuate foleni ya kawaida ambayo inaweza kula mwaka mzima. Mimi naangalia Uganda, maana pale kitu kile kile kimetokea mara mbili.

Tarehe 20 Septemba 2022 walitangaza Ebola ya aina ya Sudan. Chanjo ya Ebola iliyokuwa imeidhinishwa ni ya aina ya Zaire, hii ya Sudan haigusi. Chanjo za majaribio zilikuwepo tatu lakini hazikuwa tayari kupewa mtu, ndo ikaanza kazi ya kujaza vichupa, kusaka vibali, kujua nani analipia nini, dozi za kwanza zikafika 8 Desemba, siku 79 baadaye. Kwa mambo ya chanjo hiyo ni haraka sana jamani, ila mgonjwa wa mwisho alishatoka hospitali 30 Novemba na watu 55 waliothibitishwa kuugua walishafariki. Hakukuwa na wa kumchanja.

Sasa njoo 2025. Tarehe 30 Januari inatangazwa kwamba nesi wa Kampala amefariki kwa virusi vile vile, tarehe 3 Februari watafiti wa Makerere na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi pale Entebbe wanaanza kuchanja waliokutana na wagonjwa. Siku nne! Kilichobadilika ni kwamba dozi 2,160 zilikuwa ziko nchini tayari, na utaratibu wa jaribio, walioupa jina la Tokomeza, ulishaandikwa. Hela ya haraka ilikuja kweli, ila ilikuta friza inawaka na watu wanajua kazi yao.

Wanaopinga hela ya chapchap wana hoja na siwabezi. Mwaka 2020, wakati wa korona, vijaribio vidogo vya hydroxychloroquine, dawa ya malaria, viliota kama uyoga dunia nzima, wagonjwa wachache hapa wachache pale, vingi havikuweza kujibu chochote. Lakini mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Oxford waliendesha jaribio moja kubwa, RECOVERY, utaratibu mmoja kwenye hospitali nyingi za Uingereza, na kufika Juni walishajua hydroxychloroquine haisaidii waliolazwa na dexamethasone, dawa ya bei rahisi kabisa, inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumua. Hao nao walikimbia tena sana, kwa hiyo mimi naona tatizo halikuwa kukimbia, tatizo ni kila mtu kukimbilia kwake.

Hoja inayoniuma zaidi ni hela kukauka. Zika, virusi vinavyoenezwa na mbu, iligunduliwa hapo hapo Entebbe mwaka 1947, ikaja kupata hela nyingi 2016 baada ya watoto wa Brazil kuzaliwa na vichwa vidogo, 2017 kampuni ya dawa ya Sanofi wakajitoa kwenye chanjo yao baada ya serikali ya Marekani kupunguza ufadhili, na mpaka leo hakuna chanjo ya Zika iliyoidhinishwa. Kijana wa maabara aliyefundishwa kazi ile mkataba ukiisha anaondoka nayo kichwani, mlipuko ujao unaanza na mtu mpya anayeuliza sampuli zinawekwa wapi.

Kuna atakayesema unawezaje kuweka dozi kwenye friza kusubiri ugonjwa ambao huenda usije wakati zahanati haina glavu, na mlipuko wa 2025 wenyewe uliisha 26 Aprili ukiwa na wagonjwa wachache mno kusema kwa uhakika kama chanjo inakinga. Hilo la glavu ni zito na sina jibu jepesi. Bado ningekuwa kwenye kamati ya chuo ningekubali mfuko wa dharura uwepo, ila sehemu kubwa ya hela iende kwenye miezi ambayo hakuna mgonjwa hata mmoja: mshahara wa yule mtu wa maabara, vibali vya maadili vilivyopitiwa mapema, na umeme wa friza.