Sho ya Kwanza Nikiwa Wima

Najua mmeshaiona ile video yangu nikianguka na pikipiki msituni. Sekunde 19. Yule ninayemwita rafiki alikuwa ameituma kwa kundi la ploti, kundi la kanisa na kundi la harusi ya binamu yangu kabla sijamaliza kutoa udongo masikioni. Sasa wacha nami niseme yangu, maana yeye ameanzia katikati na kukatia pabaya.

Kwanza, sikulia. Ile sauti ni ya pikipiki.

Pikipiki yenyewe ni Honda XR250, mtumba, iliyofanya kazi miaka mingi huko nje na kuzeeka vizuri kama mwalimu mstaafu. Mama watoto nilimwambia ni ya kazi. Kazi gani hakuuliza, na mimi mtu asiponiuliza huwa simsumbui kwa majibu. Nia yangu ilikuwa msitu wa Dundori. Nimekaa Nakuru miaka yote hii nikiuangalia mlima ule kutoka Lanet kama mtu anayeangalia nyama ya jirani ikichomwa, nikasema mwaka huu napanda.

Shida ni kwamba Mungu alinipa futi 5 na inchi 4, na hajaongeza kitu tangu kidato cha pili. Kiti cha ile pikipiki nilikipima kwa tepu ya fundi cherehani: sentimita 87. Nikikaa inalala, na vidole vya miguu yote miwili vinagusa saruji. Vinagusa tu, kama mtoto anayechungulia kaunta ya duka. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaanza kuirekebisha iwe ya msituni.

Nikatoa sproketi ya mbele ya mnyororo yenye meno 13 nikaweka ya 12, ili ipande polepole bila kuzima. Hiyo ilikuwa sawa. Leva za klachi na breki nikazifunga kwa kiasi, zisikazwe sana, ili pikipiki ikianguka zizunguke badala ya kuvunjika. Hiyo pia ilikuwa sawa, na mtaona kwamba ndiyo sehemu pekee iliyopata nafasi ya kuonyesha ubora wake. Kisha nikaenda kupunguza upepo wa tairi hadi 12. Kijana wa pampu aliangalia mita, akaniangalia mimi, akaangalia mita tena.

"Bosi, hata wilbaro inataka zaidi ya hiyo."

Nikamwambia tairi laini hushika mizizi na mawe vizuri. Akasema sawa, pesa ni yako.

Halafu shoki, ile springi ya nyuma inayomeza mashimo. Hapa nisikilizeni, maana rafiki yangu alikuwepo sehemu hii ila hakuelewa kitu, na angeelewa angeitengenezea video yake. Ukikaa juu ya pikipiki ya msituni, shoki ya nyuma inafaa ilale karibu theluthi moja ya mwendo wake wote. Yangu ilikuwa inalala nusu, kwa sababu springi ilikuwa imechoka na mimi ni mpenzi wa ugali. Basi jamaa huyo akashika usukani, mama watoto akashika tepu, nami nikachukua nyundo na patasi nikaizungusha ringi ya springi, tak, tak, tak, mpaka hesabu ikakubali. Theluthi kamili! Nilifurahi hata nikapiga picha.

Lakini pikipiki isiyolala imesimama. Zile sentimita 4 nilizozitoa kwenye shoki hazikupotea, zilihamia chini ya makalio yangu. Ongeza tairi mpya za meno marefu. Jioni ile nilipanda nikiwa nimeegemea ukuta wa choo, miguu ikabembea hewani, nikajiambia: msituni ni kwenda tu, nani atasimama?

Jumamosi tukapanda Dundori, mimi mbele, jamaa nyuma na Boxer yake ya boda na simu ikining'inia kifuani kama kitambulisho. Kadiri tulivyopanda injini ilizidi kukohoa. Huko juu hewa ni nyepesi, na karabureta yangu ilikuwa bado inamwaga petroli kama iko Mombasa. Tukaomba ruhusa kwa askari wa msitu, akasema fuateni njia za malori ya mbao, msiguse miche. Kwa wasiojua: pale wananchi hulima viazi katikati ya miche ya sipres, miaka michache tu, mpaka miti ikue na kuwaziba jua. Kwa hiyo unaendesha msituni lakini pia unaendesha shambani kwa mtu. Shikeni hilo.

Dakika kama 40 zilienda vizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye vikanyagio, kifua mbele, nikijiona. (Sehemu hii jamaa hakurekodi. Jiulizeni kwa nini.)

Ndipo njia ikapinda kando ya mteremko, kushoto ukuta wa udongo, kulia bonde dogo lenye viazi vilivyopandwa vizuri, mistari imenyooka kama daftari. Mbele yangu akatokea shosho, bibi kizee, kilemba cha maua, jembe begani, na nyuma yake mjukuu wake mdogo akivuta punda. Njia ni nyembamba. Mimi nimelelewa. Nikasimama.

Mwenye akili huteremsha mguu wa upande wa juu, ambako ardhi iko karibu. Upande wangu wa juu ulikuwa na punda. Kwa heshima ya punda, nikateremsha mguu wa kulia.

Mguu ulishuka. Ukapita usawa wa kikanyagio, ukaendelea. Ncha ya gambuti ikagusa majani, nikasema haya, tumefika, kumbe ni majani marefu tu. Ukaendelea. Nakumbuka harufu ya sipres. Nakumbuka punda ameacha kutafuna na kunitazama, bila chuki, kama mtu aliyeona mengi. Pikipiki ikaanza kunifuata, taratibu, kilo zaidi ya 100 ikiniegemea kama mlevi kwenye matatu. Na ubaya ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kusalimu, na salamu ya shosho haikatizwi.

"Habari ya asubuhi, sho..."

Sho ya kwanza nikiwa wima. Sho ya pili nikiwa ndani ya viazi.

Hata sikuanguka kwa kishindo, ningeanguka kwa kishindo ningepata huruma. Nililazwa. Nililazwa kama mtoto, kisha pikipiki ikalazwa juu ya mguu wangu, kisha tukateleza pamoja mistari mitatu. Mistari mitatu! Nilihesabu kwa mbavu. Kimya. Tairi la mbele likazunguka peke yake, tik, tik, tik.

Shosho akanitazama kutoka juu.

"Mzuri," akajibu.

Halafu: "Hivyo ni viazi vyangu."

Leva hazikuvunjika. Nataka hilo liandikwe mahali.

Yaliyobaki ni ya haraka. Jamaa na yule mjukuu walinitoa, jamaa akishika simu kwa mkono mmoja, ndiyo maana ilichukua muda. Nikalipa fidia ya shilingi 1,500. Nikataka kuondoka kiume, nikaachia klachi kwa hasira, na zile 12 zangu za upepo zikanijibu: rimu ikazunguka ndani ya tairi, ikaivuta tyubu, ikang'oa valvu. Kuna kibano cha kufunga tairi kwenye rimu kwa ajili hiyo hiyo. Kinauzwa. Nilikiona, nikaona ni gharama isiyo ya lazima.

Psssss.

"Na hiyo nayo imechoka," shosho akasema.

Mjukuu ana mkokoteni. Tuliteremka hadi barabarani nikiwa nimekaa juu ya magunia, nimeikumbatia pikipiki, punda yuleyule akituvuta. Wewe wa Kisumu uliyeuliza kama punda alivaa helmeti, nimekuona, na sikujibu.

Mguu unaendelea vizuri. Springi nimeilegeza, na fundi wa viti anakata sponji wiki hii. Jamaa amejitolea kuja kushika tepu, nimemwambia aache simu kwao.

Viazi nilipewa. Shosho alisema umenunua, chukua, akanijazia mfuko nusu, vidogo kama gololi. Mama watoto akavipika jana na ngozi zake, akala kimya, kisha akauliza nilivinunua kilo kiasi gani.