Samoni wa Shangazi

Shangazi yangu aliuza papa mkavu soko la Darajani, Zanzibar, tangu sijazaliwa. Alipokuja London kunitembelea alitoa masharti mawili: asipandishwe treni ya chini ya ardhi, na asiletewe papa. "Nimemuuza, nimemla, nimemnuka mpaka basi. Huku nataka samoni, yule anayesifiwa na daktari wa presha."

Duka la samaki na chipsi la mtaani kwetu limeandika ukutani *rock salmon*, tena bei nafuu. Nikaagiza sahani mbili, huku najiona kijana mwenye adabu kuliko wote Uingereza nzima.

Shangazi akabandua ule unga wa juu, akapekua nyama kwa kidole. Mwiba hakuna. Katikati pana uti wa mgongo wa gegedu, laini, unapinda bila kuvunjika. Akaunusa.

"Huyu papa."

"Samoni, Shangazi. Imeandikwa pale."

"Samoni si mwekundu? Huyu mweupe pe! Miye nimekata papa kabla babako hajaoa, leo wewe wa kunisomesha?"

Nikaenda kaunta kutafuta ushahidi. Muuzaji, bila hata kupepesa, akasema ni *dogfish*. Nami, badala ya kunyamaza, nikageuka na kutangaza: "Anasema ni samaki-mbwa!"

Tonge likabaki shavuni. Shangazi akautazama mlango, akanitazama mimi, akavuta astaghfirullahi ya kuutosha ukoo mzima.

Ikabidi nimweleze haraka kabla hajatema: ni papa mdogo wa bahari za huku, wateja walimkwepa kwa ajili ya hilo jina la mbwa, wachuuzi wakambandika la samoni. Biashara ndivyo ilivyo. Mwaka 1977 Lee Lantz, muuza samaki wa Los Angeles, alimchukua *toothfish*, yaani samaki-meno, wa bahari baridi za kusini, ambaye kwa sura ile angeozea mezani, akamwita *Chilean sea bass*. Leo hoteli kubwa zinamuuza kama dhahabu, na wala si *bass*, huyo ni samaki mwingine kabisa.

"Kwa hiyo huyu si mbwa?"

"Papa, Shangazi. Papa mtupu."

Akameza. Akachukua kipande kingine, safari hii kikubwa.

"Kamwite huyo bwana."

"Wa nini tena?"

"Mwambie kukaanga anajua, lakini papa huyu hakumloweka. Na siki hii ya nini? Ndimu iko wapi?"