Wateja wa Kudumu

Jamani, kiinua mgongo usipokipangia kazi, kinajipangia chenyewe. Changu kilinishika mkono kikanipeleka hadi kwenye kibanda cha magazeti karibu na stendi hapa Moshi. Mama watoto alitaka ng'ombe wa maziwa. Nikamwambia ng'ombe anaugua, gazeti haliugui. Maneno hayo naomba asikumbushwe.

Aliyeniuzia alijaliwa mdomo. Akapiga hesabu ya meza, kabati, kodi iliyobaki, halafu juu yake akaweka na kilemba. Nikamuuliza, kilemba cha nini na kibanda chenyewe ukikiegemea kinahama? Akanionyesha benchi. Walikaa wazee wanne, kila mmoja na gazeti mkononi, kimya kama wako kanisani. "Unawaona hao? Wateja wa kudumu. Mvua, jua, hawakosi." Nikalipa.

Kweli bwana, hawakosi. Ila hawanunui. Mmoja akizidiwa na aibu anasema, "Niandikie." Nina daftari zima la aibu za watu.

Magazeti yenyewe yanatoka Dar, yanasafiri usiku zaidi ya kilomita 500. Alfajiri nayapokea stendi yangali na baridi ya njiani, nayapanga: Mwananchi, Nipashe, Habari Leo, Mwanaspoti. Nayabana kwa vibanio vya nguo vya mama watoto (huo ni ugomvi mwingine), yale ya mezani naweka na jiwe, maana basi likipita hapa linataka kuondoka na ukurasa wa mbele. Kabla sijakaa, anapita kijana na simu: kurasa zote za mbele anazo kwenye WhatsApp tangu usiku. Huku redio ya kinyozi inayasoma moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayelipwa kwa koma.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu wasomaji wa kusimama. Hao wana ufundi wao. Mikono wanaiweka nyuma kama wakaguzi wa gwaride, kwa sababu wanajua ukigusa umenunua. Shingo ndiyo inayofanya kazi. Yuko mmoja wa koti la kahawia, akimaliza nusu ya juu anakohoa kidogo. "Mangi, hebu nigeuzie."

Mimi ni Mpare wa Usangi. Lakini Moshi hii ukishakaa nyuma ya meza ya biashara, wewe ni Mangi, hakuna rufaa. Na kitu kinachoniuma ni kwamba namgeuzia! Sijui ni adabu au uchawi. Juzi nikageuza haraka akanikemea: "Pole pole Mangi, tanzia sijamaliza." Akasoma mpaka matangazo ya viwanja, akapumua, akasema, "Leo hamna kitu," akaondoka zake.

Watani wa jadi wakicheza ndiyo naongeza oda ya Mwanaspoti. Wanajaa, natabasamu, naandaa chenji. Mara linaanza: Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, kwa hiyo nani amsalimie mwenzake? Mmoja anasema mwaka ni mwaka, shikamoo iko palepale. Wa pili anasema hata Kulwa hadai shikamoo kwa Doto. Mangi, hebu amua! Nikiamua nakosa nusu ya wateja, nisipoamua wananiita mnafiki. Ilipofika saa tano nilikuwa nimeuza mawili, na aliyeazima kalamu yangu aandike mkeka hajaonekana mpaka leo. Nadhani mkeka ulichanika.

Boksi la vocha za kukwangua nalo nilirithi. Tuliache.

Yasiyouzwa wakala anayachukua, lakini yawe safi. Basi mwezi wa nne mvua ikashuka kutoka mlimani bila hodi, paa la kibanda likanionyesha tabia yake. Wakala akaligusa bunda kwa kidole kimoja, kama anayepima homa ya mtoto wa jirani. "Haya ni yako, mzee."

Nikayaanika juani, nikampelekea mama wa maandazi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, karatasi imepata heshima zake. Akapima, akalipa taslimu, hakuomba punguzo wala hakusema nimwandikie. Tena akaniuliza kwa upole, "Baba, mvua nyingine lini?"

Jioni hiyo nikanunua maandazi mawili kwake. Nimefika nyumbani, nafungua, nakutana na gazeti langu mwenyewe, ambalo kwa kugeuzia watu sijawahi kulisoma. Kesi ya ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba, na Mpare umweleze nini kuhusu kesi! Nikasoma na mafuta yake, shahidi wa kwanza, wa pili, hakimu anavaa miwani asome hukumu... "Inaendelea uk. 6."

Nikarudi mbio. Mama akafikiri, akasema ukurasa wa 6 umeondoka na fundi pikipiki, maandazi manne. Nikanunua mengine matatu, pengine amekosea. Nikapata tangazo la mnada na nusu ya sura ya kocha.

Kesho wazee wa benchi watajihudumia wenyewe. Mimi nitakuwa gereji kwa yule fundi, mikono nyuma.