Mkanda wa 400

Mteja wa mkanda wa kamera, yaani filamu, akiitikia kwa kichwa mara tatu mfululizo, jua hakuna kilichoingia. Anayefuata maneno hukukatiza: "Subiri, rudia hapo pa kitufe." Huyu wangu aliitikia mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza redio.

Alikuja na kamera ya kurithi, ya chuma, nzito kama tofali, na ombi moja: "Kaka, nipe mkanda wa 400."

Nikafurahi. Wageni wengi wa kazi hii hutaka "mkanda wowote tu", na wapo wanaojichukulia ule wa 120, mpana, uliozungushiwa karatasi, kesho yake wanarudi kulalamika kwamba kamera yao ya milimita 35 imeukataa. Anayetaja 400 bila kuulizwa, nikajisemea, huyu mwenzetu.

"Unapigia nje au ndani?"

"Kote. Mama mkwe anastaafu, ukoo mzima unakuja. 400 zitanitosha."

Mkanda *utanitosha*. *Zitanitosha* ni picha. Sarufi yote ilikuwa imewekwa mezani mbele yangu, nami nikairuka nikaingia kwenye hotuba. Nikamweleza kwamba 400 ni kasi ya mkanda kushika mwanga, yaani mkanda unahitaji mwanga nusu ya ule unaohitajiwa na wa 200. Jua likiwaka aweke tundu la lenzi kwenye 16 na spidi ya shata kwenye 500, yaani sehemu moja ya 500 ya sekunde, kwa kuwa 400 yenyewe haimo kwenye kamera yake. Akiingia ndani afungue tundu, na spidi isishuke chini ya 60, mkono utatikisika. Akaitikia.

Nikamwekea mkanda mwenyewe, huku nikimwonyesha. Kikopo kushoto, ulimi wa mkanda uingie kwenye ufa wa rili ya kulia, meno yashike matundu ya pembeni juu na chini, vuta mara moja, funga mlango. Halafu zungusha taratibu kifundo cha kurudishia, kile cha juu kushoto, mpaka kigome: hapo mkanda umekaza. Piga mbili za bure, maana kipande hicho kimeshaona mwanga. Kuanzia hapo, kila ukivuta mkono wa kamera, ule wa kusogeza mkanda, kifundo lazima kizunguke chenyewe. Kisipozunguka, hupigi kitu. Akaitikia. Akajaribu kwa kunipiga mimi picha tatu palepale kaunta, kifundo kikazunguka vizuri, akaondoka.

Kuhusu mwisho wa mkanda nilimwambia, naapa: mkono ukigoma, usiulazimishe. Bonyeza kitufe kidogo cha chini ya kamera, ndipo urudishe.

Siku ya nne akarudi, uso unang'aa. Kihesabu kimepita 36, idadi ya picha za mkanda ule. Nikavuta mkono wa kamera: laini. Kifundo hakikutikisika. Nikakizungusha kwa kidole: kinaelea, hakina mzigo wowote.

"Umesharudisha mkanda?"

"Nimezungusha, kaka."

"Kilikuwaje?"

"Chepesi. Chepesi tangu mwanzo."

Sasa, mtu yeyote aliyeuza mikanda zaidi ya wiki mbili anajua kwamba kurudisha mkanda hakuwi chepesi tangu mwanzo. Ni mita moja na nusu na ushee inayokokotwa kurudi kwenye kikopo. Unasikia uzito, unasikia mkwaruzo, mwishoni ule ulimi unachomoka kwenye rili, *tep*, ndipo kifundo kinakuwa chepesi. Alikuwa ananipa jibu zima. Nikasikia neno "chepesi", nikaitikia kwa kichwa. Mara tatu.

Nikafungua mlango wa kamera.

Kikopo kilikuwa kitupu. Mkanda wote uko upande wa kulia, umejiviringisha kwenye rili, unang'aa kama samaki aliyetoka majini, na taa ya kaunta iko juu yake moja kwa moja. Hapo mtu mwenye akili anafunga. Mimi nilisimama nikaushangaa, kama sekunde tatu, kisha nikafunga kwa kishindo kilichomshtua hata mteja.

"Kuna tatizo?"

"Ulipofika 36, mkono haukugoma?"

"Uligoma! Nikajua umekwama, maana nilikuwa nimebakiza 364. Nikauvuta kwa nguvu, ukalia *kat*, ukalainika. Nikaendelea vizuri kabisa."

Mkanda wa 35 umebandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye mhimili ulio ndani ya kikopo. Ukiuvuta kwa hasira, gundi inaachia, mkia unafuata wenzake kwenye rili, na kikopo kinabaki hakina mtu. Dalili zake nje ni zilezile za mkanda uliorudishwa: mkono laini, kifundo kinaelea. Ndiyo maana kamera ya namna hiyo haifunguliwi kaunta hata mwenyewe akuapie. Inafunguliwa ndani ya mfuko mweusi wa giza, ule wenye mikono miwili ya lastiki. Ninao. Siku hiyo nilikuwa nimeukalia, kwa sababu kiti changu ni kigumu.

Nikaukung'uta, nikaingiza kamera na kopo jeusi lenye mfuniko (si lile linalopitisha mwanga, ambalo kila mtu hulishika kwanza), nikauzongoa mkanda kwenye rili kwa kupapasa. Unaushika kingo tu, unaukunja ukiufuata ulivyolala wenyewe, unaufunika. Juu ya kopo nikabandika karatasi: HAUNA KIKOPO, FUNGUA GIZANI. Usipoandika, msafishaji wa picha naye atafungua achungulie, basi mmekwisha wote.

Ukasafishwa. Mkanda uliojiviringisha huungua kuanzia nje: mizunguko ya juu, ambayo ni picha za mwisho, inachukua mwanga wote, ya ndani inajifichia chini yake. Fremu 12 za mwanzo zikapona. Kuanzia hapo negativu ni nyeusi tii, yaani kwenye karatasi ni weupe mtupu. Keki, zawadi na hotuba havimo hata kwenye weusi huo: alivipiga baada ya ile *kat*, hewani.

Katika 12 zilizopona, fremu nane ni viti vinapangwa na mtoto mmoja anakimbia. Katika ya 12 kuna bega la kushoto la mama mkwe, linaingia kwenye ukungu mweupe kama mtu anayepaa.

Tatu za kwanza ni mimi. Zimetoka safi sana, hata vumbi la kaunta linahesabika. Mteja akaweka ya tatu mbele yangu, hakusema neno. Nimesimama, nimekunja uso wa kitaalamu, nimeinua boksi la mkanda mbele ya kamera ili aone vizuri. 400 inasomeka kwa herufi kubwa. Pale panapoandikwa 36, nimepaziba na kidole gumba.