Jua la Houston na jua la Ruai

Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Houston, na jirani yangu ni mzee aliyestaafu kutoka kwenye mitambo ya mafuta ya Ghuba ya Mexico. Siku moja aliniita gerejini akanionyesha paneli kuukuu ya sola, kioo kimefifia kama jicho lenye mtoto. Zamani ilikuwa ikichaji betri ya taa ya kuonya meli zisigonge mtambo usiku. Nilishangaa. Nilidhani watu wa mafuta wameanza kulitazama jua juzi juzi tu.

Kumbe walikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1973 kampuni ya mafuta ya Exxon ilimgharimia mwanakemia Elliot Berman kuanzisha kampuni ya paneli, Solar Power Corporation, na bei ya wati moja ya sola ikashuka kutoka karibu dola 100 hadi 20. Wateja wake wakubwa wa mwanzo wakawa wenye mitambo ya baharini, waliochoka kubeba mabetri mazito hadi huko. Mwaka 1982 ARCO, kampuni nyingine ya mafuta, ikajenga kituo cha sola cha megawati 1 karibu na Hesperia, California. Lakini Exxon ikajitoa mwaka 1984. Shell ikauza biashara yake ya paneli za silikoni kwa kampuni ya sola ya SolarWorld mwaka 2006, na BP ikaifunga BP Solar mwaka 2011, kisha ikarudi kwenye jua mwaka 2017 kwa kununua hisa za kampuni ya sola ya Lightsource. Kwao jua ni nyumba ndogo: huenda likiwafaa, wakaondoka likiwachosha.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Julai 2024 kimbunga Beryl kiliwaacha wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo hili bila stima. Nyumba iliyo mkabala na yangu ina paneli paa zima, na nayo ilikuwa giza tupu. Mwenyewe aliniambia hana betri, na paneli zilizounganishwa na gridi, yaani mtandao wa nyaya za stima, hujizima zenyewe gridi ikikatika, mafundi walio juu ya nguzo wasipigwe na umeme. Ni sawa kabisa kiusalama. Ila nilisimama pale barabarani, jua la Julai linachoma utosi, nikamkumbuka shangazi yangu wa Ruai, pembeni mwa Nairobi.

Shangazi alinunua taa ya sola kwa kulipa shilingi 50 kila siku kwa M-Pesa, wakati stima ilikuwa haijafika kwao. Kabla ya hapo ilikuwa koroboi, na kila asubuhi alifuta masizi puani mwa watoto kwa kona ya leso. Siku asipolipa, kampuni iliyomuuzia iliizima taa kutoka mbali, na hilo lilimuuma sana. Hata hivyo alimaliza deni, taa ikawa yake. Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kwake watoto walimaliza homuwaki.

Ndiyo maana siwezi kukubali tunapoambiwa hapa ughaibuni kwamba Afrika isubiri kampuni kubwa za mafuta zituletee jua. Fedha zao zije, na ujuzi wao pia. Lakini anayeishi kwa kuuza mafuta, jua kwake ni biashara ya pembeni, na shangazi hana pembeni. Taa ni ile moja.

Desemba iliyopita nikiwa Nairobi nilikuta taa za sola zinauzwa katika duka la kituo cha petroli, zimepangwa karibu na mikebe ya oili. Nilimuuliza kijana wa kaunta, "Betri ikifa niirudishe hapa?" Aliigeuza taa, akatafuta skrubu ya kuifungulia, hakuona. "Hapo sijui, kaka. Labda uliza ofisini."

Ya shangazi niliipeleka barabara ya Luthuli. Fundi aliifungua kwa bisibisi, akabadilisha betri nikiwa nimesimama, akairudisha ikiwaka.